Risasi, Uzi na Ndoano: Fizikia ya Mshipi wa Mbuta

Asubuhi moja kwenye bichi ya Dunga, kusini kidogo ya mji wa Kisumu, mvuvi mmoja mzee alinikabidhi mshipi wake niushike. Ulikuwa uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kipande cha mti, na mwishoni mna kidonge cha risasi na ndoano moja.

"Mwalimu," akasema, "mshipi huu nimeuzoea kama mkono wangu. Hapa ghubani hata omena mdogo akipita nasikia. Lakini juzi nilimtembelea shemeji yangu huko Mbita, tukatoka naye hadi nje ya kisiwa cha Mfangano, kwenye kina. Samaki walikula chambo mpaka kikaisha, na mimi sikusikia kitu. Mkono ni ule ule na mshipi ni ule ule. Kumeharibika nini?"

"Mzee, hakuna kilichoharibika," nikamjibu. "Kilichobadilika ni kina."

Kina kikibadilika, kila kipande cha mshipi hupewa kazi mpya. Swali la mzee huyu linastahili kujibiwa taratibu, tangu mwanzo kabisa, kwa sababu jibu lake linamfaa kila anayeteremsha chambo majini: mvuvi wa mbuta (sangara) wa Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria, mvuvi wa Shimoni au Watamu anayeshusha mshipi kwenye miamba ya bahari, na yule wa michezo anayetumia jigi, yaani chambo bandia cha risasi kinachopandishwa na kushushwa hadi samaki adhani ni samaki mdogo aliyejeruhiwa. Maji ya bahari yana chumvi na ya ziwa hayana, lakini kanuni zinazotawala mshipi ni zile zile. Tuzifuate kwa mpangilio ambao mshipi wenyewe huzama: risasi kwanza, uzi nyuma yake, na ndoano tutaiweka mwisho kwa sababu ndiyo yenye uamuzi mkubwa.

Risasi: uzito unaobaki majini

Kitu kikiingia majini, maji hukisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji ambayo kitu hicho kimeyaondoa mahali pake. Archimedes, Mgiriki wa Siracusa, aliieleza kanuni hii zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, nawe unaweza kuihakikisha leo kwa ndoo ya maji na mizani ya kuning'iniza, kama ile wanayopimia samaki bichi.

Ning'iniza risasi ya gramu 500. Sasa izamishe ndani ya ndoo bila kugusa kitako cha ndoo. Mizani itashuka na kusoma karibu gramu 456. Kisha fanya vivyo hivyo kwa jiwe la gramu 500, la aina ya matale kama yale ya Kit Mikayi. Safari hii mizani itasoma karibu gramu 315 tu.

Tofauti imetoka wapi? Sentimita moja ya ujazo wa risasi ina gramu 11.3, na ya jiwe la matale ina gramu 2.7 hivi. Kwa hiyo gramu 500 za risasi huchukua nafasi ya sentimita za ujazo 44, na jiwe huchukua 185. Kila sentimita ya ujazo huondoa gramu moja ya maji, na maji hulipiza kwa kusukuma juu kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo sababu wavuvi duniani kote waliishia kwenye risasi: kipande kidogo kinabaki na karibu uzito wake wote kikiwa chini ya maji.

Rudia jaribio kwa maji ya bahari, ambayo ni mazito kidogo kwa sababu ya chumvi, na risasi yako itapoteza gramu moja zaidi. Gramu moja tu. Kwa hiyo mvuvi wa Watamu hubeba risasi nzito kuliko mvuvi wa Dunga kwa sababu ya kina na mkondo, wala chumvi haihusiki. Mahali ambapo chumvi huleta taabu kweli ni kwenye chuma: maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu, ambayo kwa asili yake ni kazi ya umeme, hula ndoano haraka. Ndoano ya chuma cha kawaida itakayodumu kwako Kisumu inaweza kukuaibisha Shimoni kabla ya mwezi kuisha, ndiyo maana ya baharini hupakwa bati au hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu.

Neno moja la tahadhari kabla hatujaiacha risasi. Ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Usiibane kwa meno unapoifunga kwenye uzi, na usiiyeyushe kwenye jiko au sufuria ya nyumbani.

Uzi: upana usioutambua

Mvuvi anapochagua uzi huuliza kwanza utabeba kilo ngapi. Ni swali zuri, lakini lina pacha wake: uzi huu una unene gani?

Chukua uzi wa unene wa milimita moja na uushushe mita 30. Unauona mwembamba, lakini zidisha unene kwa urefu: ubavu wake wote unaokabiliana na maji ni sentimita za mraba 300, karibu nusu ya karatasi ya A4. Ni kana kwamba umesimamisha nusu karatasi hiyo katikati ya mkondo na kuiamuru isisogee. Mkondo huisukuma, uzi hupinda kama upinde, na risasi huinuliwa kutoka chini. Ukipunguza unene wa uzi hadi nusu, msukumo nao hupungua hadi nusu. Lakini kasi ya mkondo ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne, kwa sababu maji mengi zaidi yanaupiga uzi kila sekunde na kila tone linakuja na kasi zaidi.

Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kama bahari. Mikondo yake husukumwa hasa na upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, hewa ya juu yake hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kujaza pengo. Usiku mambo hugeuka, na upepo hutoka nchi kavu kwenda majini. Ndiyo maana risasi iliyotosha alfajiri, maji yakiwa yametulia, inaweza kuwa nyepesi mno alasiri pale pale. Mahali pembamba mkondo huwa na nguvu zaidi, kama kwenye mlango wa Mbita, kati ya bara na kisiwa cha Rusinga, ambapo tuta la barabara lililojengwa miaka ya 1980 liliziba maji hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2017 na kuyaachia njia.

Kanuni ya kuchagua inatoka hapo yenyewe. Anza na risasi ndogo kabisa inayoweza kufika chini na kukaa wima chini ya mashua. Ikiwa uzi unalala upande, punguza kwanza unene wa uzi kabla ya kuongeza risasi, kwa maana uzi mwembamba hukusaidia bila kukuchosha mkono.

Kwa nini mzee hakusikia

Sasa tumrudie mzee wa Dunga. Nailoni huvutika. Uzi mzuri wa nailoni huweza kurefuka hata kwa robo ya urefu wake kabla ya kukatika. Funga mita kumi za nailoni kwenye kitasa cha mlango, rudi nyuma ukivuta, nawe utauona ukirefuka na kurudi kama raba.

Sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam haifiki mita 10 kwenda chini. Nje ya ghuba mambo ni mengine: ziwa zima lina wastani wa mita 40 hivi, na penye kina zaidi hufika mita 80. Tuseme mbuta amevuta chambo kwa sentimita 10. Kwenye mita 6 za uzi, sentimita hizo ni mvutano mkali unaofika kidoleni papo hapo. Kwenye mita 40, sentimita zile zile 10 zimegawanywa katika uzi ulio mrefu karibu mara saba, kila mita imerefuka kidogo sana, na mvutano unaofika mkononi ni chini ya sehemu moja ya sita ya ule wa ghubani. Samaki amegonga mlango, lakini nyumba ina vyumba vingi mno.

Hali ni mbaya zaidi unapotaka kumnasa. Kuipenyeza ndoano kwenye taya gumu la mbuta kunahitaji mvuto wa kilo kadhaa. Tuseme mvuto huo hurefusha nailoni yako kwa asilimia 5. Ghubani, kwenye mita 6, mkono wako utasogea sentimita 30 na kazi imekwisha. Nje ya Mfangano, kwenye mita 40, mkono unapaswa kusogea mita mbili kamili. Hakuna binadamu mwenye mkono wa mita mbili.

Dawa yake ni uzi wa kusuka, unaotengenezwa kwa nyuzi nyembamba sana za plastiki ya polithini zilizosokotwa pamoja. Molekuli zake zimelazwa zote upande mmoja kama vijiti kwenye fagio, basi hakuna kilichojikunja kinachoweza kukunjuliwa, na uzi hauvutiki ila kidogo sana. Tena kwa nguvu ile ile ni mwembamba kuliko nailoni, kwa hiyo mkondo nao haupati pa kuushika. Kwa mambo haya mawili, wanaovua kwa jigi kwenye kina cha bahari hawataki uzi mwingine.

Uzuri wa kuvutika

Je, tuitupe nailoni? Hapana. Kuvutika kule kule kulikomponza mzee kwenye kina ndiko kunakouokoa uzi samaki anapokimbia.

Mbuta wa kilo 20 akiwa ndani ya maji hana uzito wa kumhofia, kwa kuwa mwili wake una uzito unaokaribiana na maji yanayomzunguka. Kinachokata uzi ni kumsimamisha ghafla. Akikimbia kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde nawe ukambana asimame katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, uzi unapata mvuto wa kilo 40. Ukimwachia uzi taratibu asimame katika sekunde mbili, mvuto ni kilo 2. Samaki ni yule yule na kasi ni ile ile. Ulichobadilisha ni muda. Ndiyo sababu mvuvi mzoefu hashindani na mbuta. Humpa uzi akikimbia, huukusanya akichoka, na huupitisha uzi kwenye kipande cha mpira wa tyubu asikatwe vidole.

Kwa hiyo penye kina, unganisha vyote viwili: uzi wa kusuka kwa sehemu ndefu ya juu, na mwishoni mita mbili au tatu za nailoni nene. Nailoni hiyo hupunguza mshtuko, na pia hustahimili mifuniko ya matamvua ya mbuta, ambayo ina kingo kali kama wembe na huukata uzi mwembamba kwa mgeuko mmoja wa kichwa. Ukifunga fundo, lilowanishe kwa maji kabla ya kulikaza. Uzi ukijisugua mkavu huzalisha joto, joto hudhoofisha plastiki, na samaki mkubwa hukatia hapo hapo kwenye fundo.

Samaki anaona nini

Ukiingia duka la zana za uvuvi utakuta vyambo bandia vya kila rangi. Kabla ya kununua, kumbuka kwamba rangi ni mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na maji hayapitishi mwanga wote sawa.

Kwenye maji safi ya bahari, mwanga mwekundu humezwa katika mita chache za juu, na wa buluu ndio unaoshuka mbali. Chambo chekundu kikifika chini ni kijivu tu. Kwenye Ghuba ya Winam kanuni hiyo hupinduka. Maji yake yamejaa mwani wa kijani, na mito kama Nyando huyaletea udongo. Mwani na tope humeza buluu kwanza, na mwanga unaobaki huelekea manjano na wekundu. Chambo cha buluu kinachong'aa Watamu kitakuwa kivuli tu hapa Kisumu, wakati cha manjano au rangi ya chungwa kitaonekana.

Jambo hili limebadilisha hata maisha ya samaki wenyewe. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu fulu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wakaonyesha kwamba majike huchagua madume kwa rangi, na kwamba maji yakichafuka mwanga hupungua, rangi hazitofautiki, na aina za samaki huanza kuchanganyika na kupotea. Miongoni mwa fulu hao wamo wa jenasi iliyopewa jina la Kiswahili, Pundamilia, kwa sababu ya mistari yao, na mmoja wao, Pundamilia nyererei, ana jina la Mwalimu Julius Nyerere.

Mwanga ukiisha kabisa, mbuta hana haja ya rangi. Ubavuni mwake, toka shingoni hadi mkiani, mna mstari wa vitundu vyenye vinyweleo vinavyohisi mtikisiko wa maji. Hapo ndipo namna ya kuchezesha mkono inapopata maana. Pandisha chambo kwa nusu mita, kisha kiache kishuke huku uzi ukibaki umenyooka kidogo. Katika kupanda, chambo hupiga maji na kumwita samaki. Katika kushuka huyumba kama fulu mgonjwa, na mara nyingi mbuta hushambulia hapo. Ukiuachia uzi ulegee kabisa, atakimeza na kukitema bila wewe kujua, kwa sababu uzi uliolegea haupitishi mvuto wowote.

Usishuke tu kwa sababu pana kina. Kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Mei hivi, sehemu ya wazi ya ziwa hugawanyika tabaka: maji ya juu yenye joto huwa mepesi na huelea juu ya maji baridi, bila kuchanganyika nayo. Maji ya chini hukosa hewa mpya, na viumbe vinavyooza humaliza oksijeni iliyobaki. Mbuta anahitaji oksijeni nyingi, hivyo hukaa juu ya tabaka hilo. Kufikia Juni na Julai, pepo za kusini mashariki hulikoroga ziwa, na samaki huweza tena kushuka hadi chini.

Ndoano: uamuzi kabla ya samaki

Tumefika kwenye ndoano. Kazi yake ya kwanza ni kupenya, na kupenya ni nguvu ikigawanywa kwa eneo. Ncha iliyobutuka, yenye eneo mara kumi ya ncha kali, inadai nguvu mara kumi. Iweke ncha juu ya ukucha wa kidole gumba na uiburute polepole. Ikikwaruza na kukwama, ni kali. Ikiteleza, inoe kwa tupa au uiweke kando.

Kazi ya pili ni kuchagua. Namba za ndoano huwachanganya wengi, kwa kuwa namba ikipanda ndoano hupungua: namba 12 ni ndogo kuliko namba 8. Ndoano ndogo yenye chambo kidogo huingia kinywani mwa mbuta mtoto kama inavyoingia kwa mkubwa. Ndoano kubwa yenye chambo kikubwa haimtoshi mtoto, naye huachwa akue. Nchi tatu zinazopakana na ziwa hili, kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lililoanzishwa mwaka 1994, zilikubaliana kwamba mbuta wa kupelekwa viwandani awe kati ya sentimita 50 na 85. Aliye chini ya 50 kwa kawaida bado hajazaa. Aliye juu ya 85 mara nyingi ni jike anayebeba mayai kwa mamilioni.

Wengine husema: nitavua kwa ndoano yoyote, na mdogo nitamrudisha majini. Hesabu ya hewa inakataa. Mbuta ana kibofu cha hewa kinachomwezesha kuelea, na hana njia ya kuitoa hewa hiyo kwa haraka. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo linalokaribia lile la hewa yote ya usawa wa bahari. Juu ya ziwa letu, lililo mita 1,134 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, karibu asilimia 88 ya ile ya Mombasa. Ukimvuta mbuta kutoka mita 20, shinikizo linalombana hupungua zaidi ya mara tatu, na hewa ya kibofuni hutanuka zaidi ya mara tatu. Utamwona tumbo limefura, na mara nyingi mfuko wa chakula umesukumwa hadi mdomoni. Ukimrudisha, ataelea ubavu ubavu hadi furukombe au korongo amchukue. Kwenye mita 4 au 5 za ghubani ana nafasi ya kupona, hasa ukimshika kwa mikono iliyolowa na kumwachia upesi. Kwenye kina nafasi hiyo ni ndogo sana.

Kwa hiyo samaki wa kina huchaguliwa kabla hajavuliwa, mvuvi akiwa bado bichi ameketi na mshipi magotini. Nilimwambia mzee wa Dunga anunue mita 60 za uzi wa kusuka kwa safari za Mfangano, aibakishe nailoni yake kwa ghuba, na aongeze ukubwa wa ndoano kwa namba mbili. Nawe unayesoma, ikiwa una mshipi nyumbani, fungua kisanduku chako jioni ya leo. Pima risasi, pima unene wa uzi, kwaruza ncha kwenye ukucha, kisha zitenge ndoano zote ndogo usiende nazo kwenye kina. Mbuta wa sentimita 30 unayemwacha leo ndiye atakayezaa samaki wa watoto wako.